Jeni za usugu zimepita njia ipi: konjugesheni au transdaksheni?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa maabara. Nilichanganya bakteria wenye usugu kwa ampisilini na wengine wenye usugu kwa streptomaisini, kisha nikapata koloni zinazoota kwenye agari yenye dawa zote mbili. Nitajuaje kama jeni zilihama kwa konjugesheni au kwa transdaksheni? Na je, mtoaji hupoteza jeni zake?

Jibu: Nianze na la mwisho, kwa kuwa ndilo linalozitenganisha njia hizi. Katika konjugesheni, bakteria mwenye plasmidi (kiduara kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu) humnasa mwenzake kwa uzi wa protini uitwao pilasi, ambao hujikunja hadi wawili hao wagusane. Kisha kimeng'enya hukata uzi mmoja wa DNA ya plasmidi, uzi huo ukapenya kwa mpokeaji, na kila upande ukajitengenezea uzi uliopungua. Mtoaji hapotezi kitu, na mpokeaji naye huwa mtoaji. Katika transdaksheni ya jumla, kinyume chake, mtoaji huwa amekufa: kirusi kiitwacho faji kimezaliana ndani yake na kumpasua, na baadhi ya faji hizo zimefungasha kimakosa kipande cha DNA yake badala ya DNA ya kirusi, kisha zikakiingiza kwa mpokeaji. Kipande hicho hakizidi ujazo wa kichwa cha faji, ambao kwa faji P22 ni takriban jozi za besi 44,000.

Kwa hiyo kipimo ni chujio. Mwaka 1950 Bernard Davis alitenganisha aina mbili za bakteria E. coli kwa chujio ndani ya mrija wa umbo la U, na jeni hazikuhama, maana konjugesheni hudai mgusano. Norton Zinder na Joshua Lederberg walipotumia mrija huo kwa bakteria Salmonella, jeni zilivuka, na matokeo yao ya mwaka 1952 ndiyo yaliyoitambulisha transdaksheni.

Wewe chuja mchanganyiko wako kwa chujio la mikrometa 0.22, linalozuia bakteria na kupitisha faji, kisha wape wapokeaji wapya majimaji hayo yakiwa yametiwa kimeng'enya kinachoharibu DNA iliyo wazi, yaani isiyo ndani ya bakteria wala faji. Koloni zikitokea, shuku faji. Zisipotokea, ilhali mchanganyiko usiochujwa, uliotiwa kimeng'enya hichohicho, unazitoa, konjugesheni ndiyo inayoelekea zaidi. Usichuje watoaji peke yao, kwani faji inaweza kuwa ilitoka kwa mpokeaji, kama ilivyokuwa kwa Zinder.

Otesha pia kila aina peke yake kwenye agari ileile, ili mabadiliko ya ghafla ya jeni yasikudanganye. Tena, koloni ndogondogo zinazozunguka koloni kubwa usizihesabu: kwa kawaida hao ni wapokeaji wasio na jeni yoyote mpya, wanaoota kwa sababu jirani yao amekwisha kuivunja ampisilini iliyowazunguka.