Maswali Yenu ya Biri: Kabla ya Kuulaumu Mkono, Pima Unyevu wa Jani

Safari hii maswali ni mengi, na karibu nusu yake ni swali moja lililovaa nguo tofauti: biri, yaani sigara nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, haivutiki, jani limepasuka, moto umekwenda upande. Yanayofanana nimeyajibu kwa pamoja. Ambao hawataliona swali lao walitafute kwenye majibu ya wenzao, kwa sababu limo.

Biri ninazosokota hazivutiki kabisa. Je, ninakaza mno?

Pengine. Lakini kabla hujaushtaki mkono wako, tumbaku ya ndani ilikuwa na unyevu kiasi gani ulipoifunga? Wote mlioniuliza kuhusu biri zilizoziba mmenieleza urefu, aina ya kisu na hata mbao za kasha mnalohifadhia. Unyevu hakuna aliyeutaja.

Biri ina majani ya kazi tatu, na kila kazi inataka unyevu wake. Jani la nje ndilo laini kuliko yote: ulivute kidogo lifuate mkono, lisikatike. Jani la kufungia liwe kavu kidogo kuliko hilo. Tumbaku ya ndani iwe kavu kupita yote mawili: ukiifumbata kiganjani isikike ikichakarika, na ukifumbua isiwe imesagika. Anayeyanyunyizia yote maji kwa mara moja kisha akaanza kusokota ameiziba biri yake kabla hajaifunga. Majani yaliyolowa hulaliana na kushikana, na hewa hukosa pa kupita.

Baada ya unyevu ndipo tuje kwenye mpangilio. Usiyanyonge majani ya ndani. Toa mshipa mkuu wa katikati, likunje kila jani kwa urefu libaki na mfereji wa kupitishia hewa, au livingirishe liwe mrija mwembamba, kisha ikusanye mirija hiyo mkononi. Jani la juu ya mmea, ligero, ni nzito na huungua polepole, kwa hiyo likae katikati kabisa. Seco, jani la katikati ya mmea, ilizunguke. Volado, ile ya chini ya mmea, haina nguvu ya ladha lakini ndiyo inayoshika moto vizuri. Ligero ikisogea pembeni, upande huo utachelewa kuungua na mwingine utakimbia mbele. Ndilo jibu la wale watatu walioniuliza kwa nini moto wao unakwenda mshazari.

Halafu, kabla ya kuvika jani la nje, weka mdomo uvute hewa. Ikigoma, fungua upunguze. Ni kazi ya dakika moja, na sielewi kwa nini watu wanairuka wakati jani la nje ndilo ghali na ndilo adimu.

Naweza kutumia tumbaku iliyokatwakatwa ya sigara za kawaida?

Hapana. Nyingi ni tumbaku ya mvuke, yaani iliyokaushwa kwa joto la banini: ina sukari nyingi, inauma ulimi, na moshi wake unamvutia mtu aushushe mapafuni. Biri inataka tumbaku ya hewa, iliyokaushwa kivulini polepole kwa wiki kadhaa, kisha ikavundikwa.

Jani la nje linanichanikia kila mara. Nibadilishe kisu?

Kisu kibadilishe kikiwa butu, basi. Jani linachanika kwa sababu ni kavu, au kwa sababu unalivuta kinyume na mishipa yake. Kila jani likishatolewa mshipa mkuu linabaki nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila nusu ina upande wake wa kuvingirishwa. Ya kushoto huizunguka biri kuelekea upande mmoja, ya kulia upande wa pili, ili mishipa midogo ilale sambamba na urefu wa biri au karibu na hapo. Upande wenye mishipa iliyotuna uutazamishe ndani. Anza kwenye mguu, yaani mwisho utakaowashwa, malizia kichwani. Gundi ni tone tu la pektini ya matunda iliyokorogwa na maji. Ukiona unahitaji gundi kutoka mguuni hadi kichwani, jani lako limekauka, lirudishe kwenye unyevu.

Nina majani niliyoyakausha mwenyewe. Biri inanuka amonia na inanipa kizunguzungu. Itapoa ikikaa?

Biri hiyo iache. Hayo ni majani yaliyokaushwa lakini hayajavundikwa, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Kukausha kunaondoa maji na kubadili rangi kutoka kijani hadi njano na kahawia. Kuvundika ni hatua nyingine kabisa: jani lenye unyevu wa kiasi linapata joto, protini zinavunjika, amonia inatoka, ukali unapungua. Viwandani majani hulundikwa kwa mamia ya kilo, na lundo hujipasha joto lenyewe. Wafanyakazi hulipima joto lake na kulipindua, ya ndani ije nje na ya nje irudi ndani, lisije likaungua. Wewe mwenye kilo mbili hutapata joto hilo hata uyafunike kwa mablanketi yote ya nyumbani.

Wanaofanya nyumbani kwa mafanikio hutumia sanduku lililozuiwa lisipoteze joto, lenye kipasha joto kidogo, kidhibiti na chombo cha maji. Joto lishikilie nyuzi 50 hivi za Selsiasi, unyevu asilimia 70 hadi 75, kwa wiki nne hadi sita. Unyevu ukishuka sana hakuna kinachotokea. Joto likishuka na unyevu ukabaki juu, umefuga ukungu. Na sanduku lenye umeme, joto na majani makavu si kitu cha kuacha peke yake usiku kucha kwa waya za kuungaunga. Kama huwezi kulitengeneza kwa usalama, nunua majani yaliyokwisha kuvundikwa. Hakuna aibu katika hilo, na biri zako zitakuwa bora.

Wanaolima wenyewe wavae glavu na mikono mirefu wanapochuma, hasa majani yakiwa na umande au mvua. Nikotini ya jani bichi lililolowa hupenya kwenye ngozi na kuleta kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Watoto wasishirikishwe kabisa.

Kuna utando mweupe juu ya biri zangu. Nimeambiwa ni dalili ya ukomavu.

Ni ukungu. Ukiwa na nyuzinyuzi, au umeshika kama madoa ya duara, hauhitaji hadubini. Tupa biri hizo, futa kasha, likaushe. Kisha kijaribu kipimo chako cha unyevu, ambacho nadhani hujawahi kukijaribu: weka chumvi ya kawaida kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe uji mzito, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa hadi kesho yake. Kisome 75. Kikisoma 68, basi biri ulizodhani ziko kwenye 70 zilikuwa kwenye 77 hivi.

Ninunue kalibu gani ya kubania biri ipate umbo?

Usinunue bado. Karatasi nyeupe isiyo na wino, ikivingirishwa kwa kubana juu ya mkusanyiko uliokwisha kufungwa, inatosha kwa miezi ya mwanzo. Anza na biri ya inchi 5 yenye kipimo cha 50, yaani unene wa 50/64 za inchi, karibu milimita 20. Nyembamba zinapendeza macho, lakini hazimsamehe mwanafunzi.

Kuchovya majani kwenye pombe au asali?

Asali inaita ukungu, pombe inaficha jani baya. Jani zuri halihitaji hata kimoja.

Nimekuta vitundu vidogo kwenye biri, kama vimetobolewa kwa sindano.

Fukusi wa tumbaku. Mayai huja na jani na huanguliwa kunapokuwa na joto. Funga biri zote kwenye mifuko miwili, ziweke friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, zihamishie friji siku moja, ndipo uzitoe nje. Ukiziharakisha kutoka friza hadi mezani jani la nje litapasuka. Baada ya hapo hifadhi kwenye nyuzi 18 hadi 20. Zilizotobolewa tupa, na yakague majani yote uliyobaki nayo.

Biri ya kujisokotea haina kemikali. Si ni salama kuliko sigara za dukani?

Swali hili linarudi kila mara na jibu halibadiliki: si salama. Monoksidi ya kaboni na lami hutokana na jani lenyewe linapoungua, hata lingelimwa na kukaushwa na nani. Nitrosamini, ambazo zinasababisha saratani, hutokea wakati jani linakaushwa na kuvundikwa, yaani katika kazi hiyohiyo tunayoipenda. Moshi wa biri una ualkali, kwa hiyo nikotini hupita kwenye utando wa mdomo hata usipouvuta mapafuni. Saratani za mdomo, koo, zoloto na umio zinawapata wavuta biri. Biri kubwa moja inaweza kubeba tumbaku inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara.

Mimi simshawishi asiyevuta aanze. Anayevuta avute kwa nadra, nje, mbali na watoto na wajawazito, na asiushushe moshi. Anayejikuta anahitaji biri kila siku hana burudani tena, aende akamwone daktari.

Nimesokota jana. Nivute lini?

Si leo. Biri mpya bado ina maji ya kusokotea, itazimika kila mara na itakuwa chungu. Iache siku mbili tatu mahali penye hewa, kisha ihamishie kwenye kasha la unyevu wa asilimia 65, na uiguse baada ya mwezi. Ukishindwa kusubiri, sokota nyingine mbili uvute moja kila baada ya wiki mbili, uandike ulichoonja.