Mzigo wa kupandia Kilimanjaro kwa njia ya Marangu

Ndugu, kwa kuwa utapanda Kilimanjaro mwezi Julai kwa njia ya Marangu na unauliza kama ununue hema na buti mpya, hema liache, kwani njia hiyo ina vibanda vyenye vitanda na magodoro huko Mandara, Horombo na Kibo. Mfuko mzito wa kulalia, hata hivyo, ni wa lazima. Buti zinunue sasa na uzivae wiki kadhaa kabla ya safari, maana malengelenge huwatesa wengi.

Fedha zako zielekeze zaidi kwenye mavazi ya usiku wa kutoka Kibo hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba iliyolowa jasho haikauki upesi na humpoza mvaaji. Juu yake vaa sweta zito, kisha koti linalozuia upepo na mvua. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu, nazo betri za tochi ya kichwani lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia zisipoe. Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, basi kwa kufungia nguo zisilowe tafuta mifuko ya kitambaa kisichopitisha maji. Suruali za jinzi, kwa maoni yangu, zibaki hotelini Moshi.