Nyama kupanda juu ya pistoni kwenye mashine ya soseji

Mkuu, hilo tatizo lako, mashine ya mkono ya kusimama, nyama inapanda juu ya pistoni (lile bamba linaloisukuma nyama) na utumbo wa kujazia soseji unapasuka kila mara, kwa uzoefu wangu si ubovu wa mashine. Ni namna ilivyofungwa.

Meza kwanza. Mashine ikicheza, mkono mmoja unazungusha na wa pili unaishikilia, sasa utumbo unaongozwa na nani? Yangu nimeibana kwa klempu za seremala kwenye ubao mnene. Meza ya plastiki sahau.

Halafu huo mpira unaozunguka pistoni, hapo ndipo penye kesi. Uvue uuangalie. Kama una ukingo mwembamba kama mdomo, huo mdomo uelekee chini kwenye nyama, ili ukikandamiza nyama iutanue na kuubana kwenye ukuta wa silinda. Ukiuvalisha kinyume, nyama itapanda tu. Upake mafuta ya kupikia, na silinda kwa ndani pia. Grisi ya gia isifike huko. Utando mwembamba wa nyama juu ya pistoni usikutishe, huo ni kawaida.

Kwenye pistoni kuna kivalvu cha kutolea hewa. Kikiziba kwa nyama iliyokauka, hewa inatokea kwenye bomba la kujazia na kuupasua utumbo. Jaza nyama tonge kwa tonge, kila tonge ulikandamize kwa ngumi. Shusha pistoni mpaka nyama ichungulie kwenye bomba, NDIPO uvalishe utumbo. Wengi wanavalisha kabla, wanaanza na soseji ya upepo. Usijaze hadi utumbo ukakamae, acha ulegevu wa kusokotea. Viputo vitoboe kwa sindano.

Nyama iwe baridi, nyuzi 4 au chini, na iwe imekandwa mpaka inanata kiganjani. Ikiwa ngumu kuzungusha, ongeza maji ya barafu kidogo, usilazimishe. Gia nyingine ni za plastiki. Kama yako ina matundu mawili ya kuchomekea mkono wa kuzungushia, la haraka ni la kupandishia pistoni ikiwa tupu, la polepole ndilo la kujazia.

Utumbo wa kondoo uliotiwa chumvi loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, kisha pitisha maji ndani. Ni mwembamba, milimita 18 hadi 24 hivi, kwa hiyo tumia bomba dogo. Ngozi za kolajeni (utumbo wa kutengenezwa kiwandani) za soseji mbichi hazilowekwi, ila Waislamu someni pakiti: kolajeni yaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe.

Kuhusu ushauri wa baadhi ya watu kwamba utumie mashine ya kusagia nyama yenye bomba badala ya hiyo: inajaza, sikatai, lakini parafujo yake inaisugua nyama hadi inapata joto, mafuta yanajitenga, na soseji ikiiva inakuwa kavu.

Tupia picha ya huo mpira tuone umekaa upande gani.