Umeniuliza kuhusu maziwa ya kopo

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma. Mkeo analia kila mtoto akitaka kunyonya, nesi anasisitiza maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, mama mkwe wako anasema mpeni ya kopo, na wewe unataka nikwambie nani yuko sahihi. Nijibu kwanza: mkwe wangu analala saa ngapi? Uji wake anapika nani?

Unaijua nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, haikosi wageni. Nilipomzaa dada yako, nikiwa bado ndani ya arobaini, shangazi yako mmoja (nisimtaje, unamjua) alinifunua kanga mbele ya watu, akanibinya ziwa, akasema, "Huyu hana maziwa. Mtoto atakufa njaa." Mpaka leo nikikumbuka moyo unaniwaka. Na baba yako, Mungu amrehemu, alisimama mlangoni kimya. Ziwa lenyewe lilikuwa limejaa mpaka limekuwa gumu, chuchu zimepasuka zinatoa damu.

Aliyeniokoa ni yule mkunga wa nyumba ya pili. Aliwatoa wote nje. Akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akakamua kidogo ziwa lilainike, akangoja mtoto apanue kinywa ndipo akamsogeza, ashike mpaka ile sehemu nyeusi, si chuchu peke yake. Aliposhiba akampakata yeye, akaniambia nilale. Nilipoamka nikakuta uji wa pilipili manga. Maziwa nilikuwa nayo siku zote. Mzazi hulelewa kwanza, nimewaambia nyote.

Basi anyonyeshe tu? Zamani ningesema ndiyo bila kusita, maana maziwa ya mama yana kinga ambayo ya kopo hayana, na kopo lataka maji ya kuchemsha, kikombe safi kila mara, na fedha. Lakini nimemwona pia mama ananyonyesha huku hali chakula, hasemi, mtoto hamtazami, na watu wanamsifu kwa kuwa mtoto amenona. Yule alihitaji daktari, na hakuna aliyemwuliza hali. Jibu ninalo, ulimi unaniwasha. Ila ziwa si langu, wala si lako, wala si la mama mkwe wako.

Mpeleke kliniki wamtazame mtoto anavyoshika ziwa, na hicho kilio usikifiche, kiseme. Usiku akishanyonyesha, mpokee mtoto, mcheulishe wewe. Mtu akimsema mkeo, usisimame mlangoni. Likizo yake ya uzazi ya siku 84 ikiisha, sheria ya Tanzania inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha akiwa kazini, mwajiri asimtishe. Akichagua kopo, au akachanganya, asisikie neno kwa mtu, na unga upimwe kama kopo linavyoelekeza, usipunguzwe ili udumu. Mzazi hulelewa kwanza.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Mwambie nakuja kupika na kufua. Mtoto nitampakata akinipa mwenyewe.

Mama yako