Kauri Inapitishaje Habari?

SWALI: Maalim, assalaamu alaykum. Mimi fundi simu hapa Wete. Mpwa wangu anayesoma fizikia kaniambia kuna kauri, ile ya jamii ya vigae na vikombe, isiyopitisha umeme lakini inapitisha habari, kisha metali ya platini inaipokea. Nimemkatalia. Nani mkweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Mkweli ni mpwa wako, ingawa sikulaumu. Na mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliifunga karatasi nikaenda zangu barazani.

Kila elektroni ina chaji, tena ni sumaku ndogo. Usumaku huo hutokana na spini yake, sifa ya asili inayofanana na kujizungusha. Kwenye ubao wa simu, kinachosafiri ni chaji, na ndiyo inayokuunguza kidole. Sasa shika kamba ya ngalawa iliyofungwa gatini, uitikise. Wimbi linafika ng'ambo, kamba iko pale pale. Ndani ya kauri iitwayo bismathi feraiti elektroni hazihami, ila sumaku moja ikiyumba humyumbisha jirani, na jirani jirani yake. Wimbi hilo ndilo magnoni, nalo hubeba spini, na spini ndiyo inayobeba habari.

Kauri hiyo ina tunu adimu: mpangilio wa sumaku na mpangilio wa chaji vinakaa pamoja, hata kwenye joto letu hili. Wa sumaku hauvunjiki mpaka karibu nyuzi 370 za Selsiasi. Ukiipa volti, chaji hugeuka upande na sumaku huzifuata, kwa hiyo spini inayopita nayo hubadilika. Ukiondoa volti, hali hubaki ilivyo. Sisi tuliokaa kizani Unguja miezi mitatu, tangu Disemba 2009, tunajua thamani ya kitu kinachokumbuka bila umeme.

Platini ikipokea spini, elektroni zake hupinda kuelekea upande mmoja, na volti ndogo sana huonekana pembeni. Msingi wa kupinda huko wanafizikia Dyakonov na Perel waliueleza tangu 1971.

Tabu kubwa iko pale kauri na platini zinapokutana. Wewe unaijua lehemu inayong'aa juu na chini haikushika: simu inawaka, ukiigusa inazima. Hapa utando wenyewe wa kauri una unene wa makumi ya nanomita tu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Atomi chache zikivurugika pale mpakani, spini nyingi hupotea kabla ya kuvuka. Mpwa wako akija likizo, muulize wanausafishaje uso wa kauri kabla ya kutandaza platini.