Maswali ya Wasomaji: Kisima Safi, Koki Chafu

Swali: Kisima chetu kirefu kinapandisha maji hadi kwenye tangi la lita 10,000, kisha yanashuka kijijini. Majibu ya maabara: kisimani E. coli (bakteria wa kinyesi) hakuna, koki ya mwisho kuna 6 katika mililita 100. Tumemwaga klorini kisimani mara mbili, hali ni ileile. Tuongeze? – *Katibu, kamati ya maji*

Jibu: Msiongeze. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mililita 100 za maji ya kunywa hazitakiwi kuwa na E. coli hata mmoja. Watangazieni watu leo kwamba maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, mpaka sampuli za marudio zitoke safi. Ila kisima mnakionea: uchafu unaingia baada ya pampu, na klorini haizibi tundu.

Pandeni tangini kwanza. Mara nyingi mfuniko haukai sawa, au tundu la hewa na bomba la kufurika havina wavu, na popo, ndege na mijusi wamejipatia makazi. Tope lililotuama chini nalo ni la kuondolewa.

Halafu fuateni mabomba, hasa kama maji ni ya mgawo. Pampu ikizimwa, msukumo unakufa, na bomba lenye ufa linanyonya maji machafu yaliyolizunguka. Kagueni linapovuka mitaro, na vishimo vya vali vilivyojaa maji. Chukueni sampuli tatu siku moja: kisimani, kwenye bomba linalotoka tangini, na koki ya mwisho. Mahali E. coli wanapoanza kuonekana ndipo pa kuchimba.

Chupa ya maabara msiisuuze. Ina thiosulfeti ya kuzima klorini. Ikioshwa, klorini inaendelea kuua bakteria njiani na mnaletewa majibu mazuri ya uongo. Koki ifutwe, ya chuma iunguzwe kwa moto, ya plastiki ipakwe spiriti, maji yatiririke dakika 2 au 3. Chupa isafiri kwenye ubaridi, ifike ndani ya saa 6, na kwa vyovyote isipite 24.

Mkishaziba, wekeni klorini tangini kila mnapojaza. Miligramu 1 kwa lita, katika lita 10,000, ni gramu 10 za klorini, yaani gramu 15 hivi za unga wenye klorini asilimia 65. Ukorogeni kwenye ndoo ya plastiki, utulie, mmimine maji ya juu tu. Mashapo yanaziba mirija. Baada ya dakika 30 pimeni kwa vidonge vya DPD, vya kupimia klorini: iliyobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita kwa maji yenye pH (kipimo cha asidi) chini ya 8, na koki ya mwisho ibaki angalau 0.2. Maji yenye chuma hula klorini kabla haijagusa bakteria, hivyo kipimo ndicho kiamue dozi. Unga uliokaa kwenye joto na unyevu umeshapoteza nguvu, hata lebo ikisema 65.

Swali: Tumetoa pampu kuitengeneza. Kisima kina kipenyo cha milimita 150, kimo cha maji ni mita 40. Tukisafishe vipi? – *Fundi pampu*

Jibu: Kila mita inabeba karibu lita 18, kwa hiyo mna lita 700 hivi. Kwa miligramu 50 kwa lita mnahitaji gramu 35 za klorini, au gramu 54 za unga wa 65. Tia unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga, na uuweke mbali na mafuta na asidi. Mimina, kisha pampu irudishe maji kisimani kwa mpira, yakiosha kuta, mpaka yanuke klorini. Acheni saa 12 au zaidi, asinywe mtu. Baadaye yapampiwe nje, mbali na bustani na bwawa la samaki, hadi kipimo kisome sifuri. Sampuli ikichukuliwa kabla ya hapo inapimwa bure.

Swali: Maji yetu yana naitreti, kemikali itokanayo na mbolea na kinyesi, miligramu 70 kwa lita. Kuchemsha kunatosha? – *Msomaji*

Jibu: Hapana, maji yakipungua sufuriani, naitreti inazidi kukolea. Ukomo ni 50, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Huyo apewe maji ya chanzo kingine kuanzia sasa, huku mkitafuta choo, zizi au shamba lenye mbolea lililo karibu na kisima.