Maswali ya Wasomaji: Trauti wa Kiwira

SWALI: Shikamoo Mzee. Nimesoma kwamba Ulaya na Marekani wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, husubiri jioni za kiangazi, wadudu wanapotoka majini kwa wingi, ndipo warushe ndoana zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu hao. Huku kwetu, mto Kiwira, nijaribu mwezi gani, na nifunge mdudu wa namna gani?
– Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kalenda yao waachie wenyewe. Kwao mto hukaa na baridi kali miezi mingi. Joto likiingia, tunutu, yaani wadudu wachanga wasio na mabawa bado, hukomaa kwa pamoja na kutoka makundi makundi. Kwetu wadudu wa mtoni hutoka kidogo kidogo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo anza kwa kuinua mawe ya mtoni. Utamkuta tunutu bapa mwenye mikia miwili au mitatu na matamvua ya kupumulia ubavuni, na jirani yake anayejijengea nyumba ya changarawe.

Huyo wa mikia, ambaye Waingereza humwita mayfly, ndiye wa kumsoma vizuri. Akikomaa hupanda juu ya maji, hupasua ngozi, hutulia mabawa yakiwa wima kama tanga la ngalawa, kisha huruka hadi vichakani. Huko hujivua ngozi tena, jambo ambalo hakuna mdudu mwingine hulifanya akishaota mabawa. Mkubwa hali chochote. Hupandana, hutaga majini, hufa. Trauti humla katika hatua zote, basi funga wa kuzama, wa kuelea na wa mabawa yaliyolala, kama aliyekufa juu ya maji.

Septemba na Oktoba, maji yakiwa machache na maangavu, nenda alfajiri au jioni, na uwe na kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 20, kunja mshipi. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepambana na ndoana hapo anaweza kufa hata ukimrudisha. Panda juu zaidi: kila mita 100 hewa hupoa kwa wastani wa nusu nyuzi na ushee. Kivuli cha miti ya ukingoni nacho kinaokoa. Naumia sana nikiona mahindi yamelimwa hadi ukingoni, ilhali Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli kama hizo ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Mvua za kwanza zikinyesha, mara nyingi Novemba, kumbikumbi huruka, na wengine huangukia mtoni. Hilo ndilo kundi letu kubwa. Funga mwili mnene wa kahawia na mabawa marefu, urushe chini ya matawi kabla mto haujachafuka. Ukishachafuka, tumia tunutu mzito kandokando, pale mkondo unapopungua kasi. Kibali muulize ofisa uvuvi wa wilaya kabla hujashuka mtoni.